Neno la Yaya Alilopewa Baba

"Kwani nimewanyima nini?" Baba anayeuliza hivyo kwa kawaida si mlevi wala hajatelekeza familia. Ni mtu mwema. Ada hulipwa kabla shule hazijafunguliwa, unga haujawahi kuisha jikoni kwake, bima ya afya ipo. Sasa amepigwa na butwaa: binti yake wa kidato cha tatu hamwambii neno zaidi ya "shikamoo", na kijana wake mkubwa akimwona anaingia sebuleni huinuka akaenda chumbani. Kila kilichopaswa kununuliwa kimenunuliwa, na risiti anazo. Kwa ajili ya baba huyu, na kwa mama anayejaribu kuziba pengo lake, nimechagua kitenzi kimoja cha Kigiriki ambacho Agano Jipya lote limekitumia mara mbili tu.

Kitenzi chenyewe ni ektrefo. Mara zote mbili kimo katika Waraka kwa Waefeso, na ya pili inafuata mistari minane tu baada ya ya kwanza. Katika 5:29 Paulo anasema na waume: hakuna anayeuchukia mwili wake mwenyewe, kila mtu huulisha na kuutunza, na hivyo ndivyo inavyompasa mume kwa mkewe. Katika 6:4 anawageukia akina baba: wasiwachokoze watoto wao, bali wawalee. Biblia ya Union Version, iliyozoeleka makanisani mwetu, imeweka kulisha mahali pa kwanza na kulea mahali pa pili. Watafsiri hawakukosea. Kiswahili kina neno kwa kila kazi, na kila sentensi ilidai lake. Ila msomaji wetu hana namna ya kujua kwamba chini ya maneno hayo mawili kuna neno moja, ilhali Mgiriki aliyesomewa barua hiyo kwa sauti mbele ya kusanyiko alilisikia likirudi kabla hajasahau lilivyotumika mwanzo.

Tusilipambe neno kuliko linavyostahili. Wakati mwingine ektrefo ni chakula tu. Wayahudi wa Misri walipoyatafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki, kazi iliyoanza karne ya 3 kabla ya Kristo na kutupatia Septuaginta, walilitumia pale Yusufu alipowapa Wamisri mkate mwaka wa njaa, nao wakatoa mifugo yao (Mwanzo 47:17). Yusufu hakumlea mtu siku hiyo. Alikuwa akiuza nafaka. Lakini watafsiri hao hao wanalitumia kwa baba mwenye haki anayelea vema (Mithali 23:24), na kwa ule mmea uliompa Yona kivuli bila yeye kuuhangaikia wala kuukuza (Yona 4:10). Hata Zaburi ya 23, pale ambapo sisi tunasoma kwamba mchungaji huongoza kando ya maji ya utulivu, Kigiriki kimeweka kitenzi hiki hiki: penye maji hayo kondoo amelishwa na kukuzwa.

Ukitaka kuliona neno likitenda kazi, nenda 2 Samweli 12. Nabii Nathani anamsimulia Daudi habari za watu wawili wa mji mmoja, tajiri na maskini. Tajiri ana kondoo na ng'ombe wasiohesabika. Maskini ana mwanakondoo jike mmoja aliyemnunua mwenyewe, na Septuaginta inasema alim-ektrefo. Halafu hadithi yenyewe inaeleza maana ya kitenzi hicho kuliko kamusi yoyote. Mwanakondoo alikua pamoja naye na pamoja na wanawe. Alikula tonge la huyo bwana, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake. Nathani anaongeza kwamba alikuwa kwake kama binti.

Tazama kilichomo humo. Hakuna zizi wala pishi la mahindi lililopimwa na kukabidhiwa mtumishi. Kuna tonge lililotoka kwenye sahani ya mwenyewe, na kikombe ambacho mwenyewe alikwisha kukigusa kwa midomo. Anayefanya hayo yote ni mwanamume, tena fukara, na andiko halimwonei haya. Yule tajiri bila shaka mifugo yake ilishiba pia. Lakini siku alipopata mgeni hakumjua hata mnyama mmoja kwa namna ambayo ingemzuia kumchinja, na bado akaona uchungu kumtoa wa kwake akampora maskini.

Wakatoliki wana ushahidi mwingine katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 7, ambamo mama wa vijana saba anamwambia mdogo wao, mbele ya mfalme anayetaka kumuua, alivyomtendea: miezi 9 tumboni, miaka 3 ya kunyonyesha, kisha ektrefo mpaka umri aliokuwa nao. Kwa mama huyo neno hili linaanza pale kunyonyesha kunapokwisha. Na ndipo hasa akina baba wengi wanapodai kwamba mtoto sasa "ameshakua", anahitaji ada tu.

Mzizi wa neno ni trefo, na mzizi huo una historia ya kupendeza. Katika utenzi wa Odisea wa Homeri, yule jitu mwenye jicho moja, Polifemo, anarudi pangoni jioni, anakamua kondoo na mbuzi wake, kisha nusu ya maziwa anayagandisha na kuyakusanya katika vikapu vya kusuka. Kitenzi kilichotumika kwa kugandisha ni trefo. Mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste alilichunguza jambo hili katikati ya karne iliyopita, akaonyesha kwamba hakuna maana mbili zilizotengana: trefo ni kusaidia, kwa matunzo yanayofaa, kitu kifikie hali ambayo chenyewe kinaielekea. Maziwa yanaelekea kuganda, mtoto anaelekea kuwa mtu mzima. Yeyote aliyewahi kutengeneza mtindi anajua kazi hiyo ilivyo. Huwezi kuyakoroga maziwa yakagande upesi. Unaosha kibuyu, unakifukiza kwa moshi wa mti unaojulikana, unatia maziwa, unakiweka mahali penye joto la kiasi, unasubiri. Ukikifungua kila baada ya saa moja kuchungulia, unaharibu. Ukikisahau wiki tatu, unaharibu pia. Sehemu kubwa ya kazi ni kuandaa mazingira na kuwa karibu.

Hapo nawaonya wahubiri wenzetu wanaopenda Kigiriki, maana intaneti imejaa maelezo ya haraka na kila simu sasa ina kamusi ya Strong, ambamo ektrefo ni namba 1625. Nimesikia ikihubiriwa kwamba "ek" maana yake ni "kutoka ndani", kwa hiyo kulea ni kutoa nje vipaji vilivyofichika ndani ya mtoto. Fundisho linaweza kuwa zuri, ila neno halisemi hivyo. Kiambishi hicho hapa kinatia nguvu na ukamilifu: kukuza mpaka mwisho, mpaka mtoto asimame. James Barr aliandika mwaka 1961 kitabu kizima kuwakemea wataalamu wa Biblia waliokuwa wakijenga mafundisho juu ya mizizi ya maneno badala ya matumizi yake, na onyo lake halijachakaa. Hata habari ya maziwa ya Polifemo tuichukue kama taswira ya kutusaidia kufikiri. Uthibitisho uko katika matumizi: kwa Nathani, kwa Yona, kwa Waefeso.

Sasa turudi Efeso, maana jambo la kushangaza pale si maana ya kitenzi bali mtu aliyepewa. Katika 6:1 watoto wanaambiwa wawatii wazazi, na Kigiriki kinatumia neno la wazazi wote wawili, goneis. Katika 6:4 neno linabadilika na kuwa pateres, akina baba. Ni kweli pateres mara chache huweza kuwa baba na mama pamoja. Waebrania 11:23 inalitumia hivyo kwa wazazi wa Musa. Lakini mwandishi aliyekwisha kutumia neno la wazazi mistari mitatu nyuma, kisha akalibadili, nadhani alikuwa na baba machoni. Na baba wa dunia ile alikuwa na nguvu. Sheria ya Kirumi ilimpa raia mamlaka juu ya wanawe hata wakiwa watu wazima, maadamu yeye yu hai, na mtoto mchanga akizaliwa, yeye ndiye aliyeamua kama atalelewa au atatupwa. Mtu kama huyo angetegemea kuambiwa atawale, aamuru, aadhibu. Anaambiwa alee, kwa neno lililo ndugu wa damu wa trofos, yaani yaya, mwanamke anyonyeshaye.

Tunamjua yaya huyo vizuri kuliko mnavyodhani. Mchanga mkavu wa Misri umehifadhi mikataba ya kunyonyesha iliyoandikwa kwenye mafunjo, mingi ikiwa ya siku za Kaisari Augusto. Yaya analipwa kwa mwezi. Anaahidi kuyatunza maziwa yake yasiharibike, kutolala na mwanamume, kutoshika mimba, kutomnyonyesha mtoto mwingine. Baadhi ya watoto wanaotajwa waliokotwa jalalani. Na mganga aliyeandika maelekezo bora zaidi ya kumchagua yaya, Sorano, alitoka Efeso yenyewe, ingawa alifanyia kazi Rumi mwanzoni mwa karne ya 2. Anataka yaya wa miaka 20 hadi 40, aliyekwisha kuzaa mara mbili au tatu, mwenye kiasi, mwenye huruma, msafi. Maziwa yake yajaribiwe kwa kudondosha tone juu ya ukucha na kutazama linavyosambaa. Awe Mgiriki, ili mtoto azoee lugha nzuri tangu kifuani. Na asiwe mwenye hasira, maana wenye hasira ni kama wendawazimu, na mtoto akilia wakashindwa kumtuliza, huweza hata kumwachia akaanguka.

Hilo la hasira ndilo linaloziunganisha nusu mbili za Waefeso 6:4. Paulo anaanza kwa kukataza kuwachokoza watoto, ndipo anaamuru kuwalea. Sorano, ambaye hakuwa anafikiri habari za Paulo hata kidogo, alikuwa anasema kitu hicho hicho cha kawaida: mikono inayotetemeka kwa hasira haiwezi kulisha.

Basi baba afanye nini?

Aanze na chakula, kwa kuwa amekwisha kukilipia. Katika nyumba nyingi baba ana sahani yake. Firigisi ni yake, paja ni lake, anakula sebuleni mbele ya taarifa ya habari wakati watoto wako jikoni na mama yao. Mnaweza kuishi hivyo miaka 15 chini ya bati moja na msile tonge moja pamoja. Mimi sipingi heshima ya baba. Nasema mwanakondoo wa Nathani alikula tonge la mwenyewe, na baba anayekata kipande cha firigisi akakiweka kwenye sahani ya mtoto wa darasa la pili amefanya jambo ambalo mtoto huyo atalisimulia akiwa mtu mzima. Kama unarudi saa tatu usiku, usijidanganye kwamba utawahi chakula cha jioni. Foleni haijui ahadi zako. Chagua mlo unaouweza. Inaweza kuwa chai ya saa kumi na moja na nusu asubuhi kabla gari la shule halijapiga honi, au ugali wa Jumamosi mchana. Mmoja wa uhakika kwa wiki ni bora kuliko mitano ya kukusudia.

Na mezani pasigeuzwe mahakama. Kuna baba ambaye mlo ndio nafasi yake pekee ya kuwaona watoto, kwa hiyo anaitumia kuuliza hesabu alipata ngapi, nani alivunja kioo, kwa nini nywele ziko hivyo. Watoto wakijifunza kwamba kukaa na baba ni kuhojiwa, watakula haraka na kuondoka. Mambo ya shule yawekewe saa yake. Mezani sema habari za kazini kwako, za fundi aliyekudanganya, za babu yao alivyokuwa mkali kwa mbuzi. Watajibu wenyewe, si siku ya kwanza.

Kabla hujawafikia watoto, kumbuka kwamba kitenzi kilianzia kwa mke. Katika 5:29 kimeshikana na kingine, thalpo, ambacho hasa ni kutia joto. Septuaginta inakitumia kwa ndege anayelalia mayai au makinda (Kumbukumbu la Torati 22:6). Watoto wanaona. Baba anayemjibu mkewe kwa mkato halafu akageuka kuwa mpole kwa binti yake, binti anajua kipi ni kweli. Sina mengi ya kuongeza hapo, ila hili: kama mkeo ndiye aliyebeba malezi peke yake kwa miaka yote, usiingie leo na kanuni mpya. Muulize kwanza anafanyaje.

Kuchokoza watoto kuna sura nyingi na kelele ni mojawapo tu. Kumlinganisha na mtoto wa jirani ni kuchokoza. Kumwita kwa kasoro yake mbele ya wageni, "huyu wetu mzito wa kichwa", ni kuchokoza, hata kama wageni walicheka. Kuahidi baiskeli akifaulu, akafaulu, ukasema hali ni ngumu bila kutaja tena. Kubadilisha sheria kufuatana na ulivyoamka. Kumpiga kwa kosa la leo kwa hasira ya bosi wa leo. Wakolosai 3:21 inataja matokeo yake: mtoto anakata tamaa. Mzazi mara nyingi huichukua hali hiyo kwamba ni adabu. Nyumba ni kimya, mtoto habishi, haombi kitu, anajibu "ndiyo baba". Kimya hicho kichunguze. Mtoto mwenye adabu bado anakuja kukuonyesha kidole alichojikata.

Watasema wengine kwamba mstari wenyewe unataja adabu na maonyo, kwa hiyo fimbo iko palepale. Unataja, ndiyo. Neno la kwanza ni paideia, mafunzo yote yanayomfanya mtoto kuwa mtu, na Waebrania 12 inaonyesha kwamba mafunzo hayo yanaweza kuuma. La pili ni nouthesia, kuweka jambo katika akili ya mtu, yaani kuzungumza naye mpaka alione. Ila angalia yalipokaa: kitenzi kikuu ni kulea, na hayo mawili yamo ndani yake. Anayerudi baada ya miezi minne kuonya na kuadibu, akaondoka, ametekeleza maneno mawili na kuruka kitenzi. Mtoto humpokea kama mkaguzi.

Paideia ina upande wa mikono ambao tumeusahau. Plutarko anaeleza kwamba Soloni, mtunga sheria wa Athene wa mwanzo wa karne ya 6 kabla ya Kristo, aliweka sheria: mwana ambaye baba yake hakumfundisha ujuzi wowote halazimiki kumlisha baba huyo uzeeni. Na kitenzi alichotumia Plutarko kwa kumlisha mzee ni hicho hicho cha mzizi wetu, trefo. Marabi nao walifundisha kwamba ni wajibu wa baba kumpa mwanawe kazi ya mikono, na Rabi Yehuda akasema asiyefanya hivyo ni kama amemfundisha wizi. Paulo mwenyewe, msomi wa miguuni pa Gamalieli, alijua kushona mahema. Leo kazi hiyo tunaiachia shule. Matokeo yake ni kijana mwenye alama nzuri asiyeweza kubadilisha balbu, kupika wali wa watu wanne, kukaa na fundi akajua anaibiwa wapi, wala kupanga matumizi ya shilingi elfu hamsini zifike mwisho wa wiki. Jumamosi mpeleke dukani kwako, shambani, gereji. Mpe hesabu za umeme wa nyumba azisimamie mwezi mzima. Wasichana na wavulana sawa, hata katika kupika.

Wazazi wengi hawako nyumbani mchana, na kuna dada wa kazi. Huyo ndiye trofos wa nyumba yako, upende usipende. Mtoto wa miaka miwili anachukua lugha yake, hofu zake, nyimbo zake, namna anavyogombana. Sorano alilijua hilo, ndiyo maana alichagua hata lafudhi. Sisi tunauliza tu kama anajua kufua na anataka shilingi ngapi, halafu tunamlaza jikoni, tunamcheleweshea mshahara, tunamtukana mbele ya mtoto, na tunashangaa mtoto amekuwa mkali. Mlipe kwa tarehe. Mpe siku ya mapumziko isiyoguswa. Akae mezani mnapokula. Na mwambie wazi ni mambo gani unataka ayaseme na mtoto, kwa kuwa yeye ndiye atakayeyasema.

Upande wa pili wa kilema cha kulisha bila kulea ni kulisha kupita kiasi. Yakobo 5:5 inalitumia trefo kwa matajiri walioinenepesha mioyo yao kama kwa siku ya kuchinjwa, na hiyo nayo ni lishe. Simu mpya kila mwaka, hakuna kazi yoyote nyumbani, kila kosa linafunikwa na mama kabla baba hajajua. Mtoto huyo naye anakua. Kinachokua ndicho swali.

Sasa neno gumu kidogo, la fadhila. Mwanzoni mwa karne ya 2, Plinio Mdogo, akiwa liwali wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Traiano kumwuliza habari za threptoi. Neno ni la ukoo huo huo, "waliolelewa": watoto waliozaliwa huru, wakatupwa, wakaokotwa na kukuzwa kama watumwa. Wakidai uhuru wao, je, wamlipe aliyewaokota gharama za malezi? Traiano akajibu kwamba wasinyimwe uhuru, wala wasilazimishwe kuununua kwa kurudisha gharama hizo. Aliyejibu hivyo alikuwa mfalme mpagani, akiamua habari za watu waliotupwa jalalani. Kuna nyumba zetu ambamo mtoto wa kuzaa bado anapelekewa ankara. Kila akichelewa kutuma hela anakumbushwa shamba lililouzwa asome, na kila akitaka kuoa anaulizwa nani atamaliza ukuta wa nyumba ya kijijini. Ni kweli 1 Timotheo 5:4 inawataka watoto na wajukuu wawarudishie wazazi fadhila, tena inasema inampendeza Mungu. Lakini agizo hilo limeelekezwa kwa watoto. Mzazi hakupewa kitabu cha madeni. Hitaji lako liseme kama hitaji, kwa kiasi na kwa mwezi gani, na uache shamba lipumzike.

Wanaonitumia maswali mara nyingi huuliza habari za bweni: nitamleaje mtoto ninayemwona likizo tu? Swali ni la haki, na jibu langu la kwanza ni kwamba kama yuko darasa la tatu, mrudishe nyumbani ukiweza. Kwa aliye sekondari, ujue kuna mwingine anayelea huko, nao ni wenzake. Rehoboamu mwana wa Sulemani alipoachana na ushauri wa wazee akawafuata vijana, ufalme ukagawanyika, na Septuaginta inawataja vijana hao kama waliolelewa pamoja naye, kwa kitenzi chetu (1 Wafalme 12:8). Yajue majina ya marafiki watatu wa mwanao. Likizo mwambie mmoja aje akae siku mbili kwenu, mle naye, usikie wanavyozungumza. Wakati wa muhula andika barua. Shule nyingi haziruhusu simu, na barua ya baba ya ukurasa mmoja, yenye habari za mbwa na mvua, husomwa bwenini mpaka karatasi inalegea mikunjo. Usiandike neno la mtihani humo.

Siku ya kutembelea wanafunzi usiende mikono mitupu, lakini pia usikabidhi mfuko wa vitu getini ukakimbilia ofisi ya mwalimu kuuliza nafasi aliyoshika. Beba chakula kilichopikwa nyumbani, kimtoshe yeye na wewe na yule rafiki. Tandikeni kitenge chini ya mti, mle. Mwalimu hataondoka kabla ya saa kumi.